Profesa Aliyekuna Nazi

Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, hilo nalisema mapema asije mtu akaniita mwenye kijicho. Ilikuwa ndefu kumpita Pak Dukuh, yaani bwana mkuu wa kitongoji chetu, hata akivaa kofia. Ilikuwa na mlango wa kioo, trei zimepangwa ndani juu kwa juu, na utepe mwekundu wa siku ya uzinduzi bado unaning'inia ubavuni. Kazi yake kukausha mihogo kwa umeme. Sasa sisi watu wa Ngrandu tunakausha mihogo tangu enzi za mababu, juu ya mapaa na kando ya barabara, na kama kuna kitu Mungu hajatunyima huku Gunungkidul ni jua. Maji katunyima, udongo katupimia kwa kijiko, jua katumwagia bila hesabu. Chuo kikuu cha mjini kikaona, hawa wanahitaji kikaushio.

Tulisema asante. Ungesema nini wewe? Watu wametoka Jogja na mashati yao ya batiki, wamepanda milima na kona zake, mmoja katapika njiani, halafu umwambie hatuitaki? Wakaifunga kwa bolti katikati ya ukumbi wa kitongoji, ukumbi wenyewe mmoja tu tulio nao, palepale vijana walipokuwa wanacheza badminton. Ilipowashwa mara ya kwanza umeme wa ukumbi ukakata, na wa nyumba zote zilizovuta waya kimyakimya kutoka ukumbini, yangu ikiwemo. Tangu hapo haikuwashwa tena, ila siku za tathmini.

Maana kila mwaka walikuja kupima. Ushirikiano wa chuo na jamii unaendaje, umeleta faida gani, mambo hayo. Na sisi kila mwaka tulijiandaa kama watu wanaopokea wakwe. Pak Dukuh alikwenda kwa Giyono, yule anayekodisha muziki wa harusi, akaazima jenereta na kuificha nyuma ya ukumbi, na spika juu yake zikipiga gamelani, muziki wetu wa kengele na ngoma, kwa sauti ya kutoboa masikio ili ngurumo isisikike. Alfajiri tuliteremsha mihogo mikavu kutoka kwenye mapaa, tukaipanga kwenye trei. Kuku wangu tuliwafukuza, kwa sababu trei ya chini walikuwa wameifanya yao, wanatagia humo raha mustarehe. Wageni wakija wanafungua kile kioo, wanashika kipande cha muhogo, wanakivunja, wanakisikiliza, wanatingisha kichwa. Basi tena. Halafu maswali ya kutoa alama, moja hadi tano, na kitongoji kizima tunajibu tano.

Usituite waongo. Kwetu mgeni aliyekula chakula chako haambiwi ubaya, na mtoto asiyelijua hilo anazabwa kibao palepale. Na wao walikuwa na adabu vilevile, siwaonei. Kikundi chetu cha kina mama nacho kilipimwa, na mimi ndiye mwenyekiti wake, mimi Saginem. Mimi ndiye mkaangaji wa peyek, zile chapati nyembamba kavu za unga wa mchele zenye karanga. Walizionja wakasema ni za kiwango cha juu, wakabeba mifuko kwa mifuko kwenda nazo mjini, na mwaka wa pili wakaniletea cheti cha bidhaa bora chenye mhuri. Nilikitia fremu. Kiko sebuleni, usawa wa macho, hakuna anayeingia asikione. Nimehakikisha.

Sasa binti yangu Wening akapata mchumba. Kijana wa Wonosari, fundi wa pikipiki, mwenye ukoo mkubwa usio na mwisho. Mzee wa kuhesabu siku akakaa chini na siku zao za kuzaliwa, akahesabu weee, akatoa siku moja ya ndoa iliyo salama. Moja tu. Ikipita hiyo, wangoje hadi mwaka mwingine, na Wening alishaniambia kwamba kungoja huko yeye hataweza. Sikuuliza kwa nini. Mimi mama, sihitaji kuambiwa.

Uwanja wangu ni mwamba unaoteremka. Mgeni akiweka kikombe chini kinamfuata Yu Jumirah, jirani yangu wa bondeni. Kwa hiyo harusi ni ukumbini au hakuna harusi, na ukumbini kuna mashine. Nikamwendea Pak Dukuh, nikamwomba waing'oe. Akasema ile ni mali ya chuo, haiguswi bila wenyewe kutaka, na ni nani atakayewaambia? Akanishauri tuizungushie maua, ionekane kama pambo. Wening aliposikia kwamba atakaa kwenye kiti cha bibi harusi mgongo wake umeegemea kikaushio cha mihogo, alijifungia chumbani akalia mpaka mto ukalowa. Nikaapa. Mwaka huu tathmini ikija, mashine naipa moja, na liwalo na liwe.

Tathmini ikaangukia mkesha wa posa. Siku ya pili yake wakwe wa Wonosari walikuwa wanakuja, kwa hiyo jiko langu lilikuwa limejaa majirani tangu asubuhi. Nikawaacha wakimenya vitunguu, nikaenda ukumbini na uamuzi wangu umenikaa kooni.

Mkuu wa msafara, kama kila mwaka, alikuwa Profesa Wiratmoko, aliyeibuni mashine hiyo mwenyewe, kwa mkono wake. Sura yake ilikuwa kwenye bango ukutani, karibu na picha ya mashine. Mtu mwembamba, mpole, miwani ameifunga kwa kamba asiipoteze, na ana tabia ya kukuinamia kidogo akizungumza nawe hata kama wewe ni mfupi kama mimi. Laiti angekuwa na kiburi, ningemmaliza. Alikuja akakaa mbele yangu, akachukua peyek moja kwenye sahani, akaitafuna polepole, akasema nzuri mno, Bu, yaani mama. Kisha akaniuliza mashine imenisaidia kwa kiasi gani, moja hadi tano.

Nikafungua mdomo.

“Tano,” nikasema.

Mdomo wangu mwenyewe huo. Nilitamani niuzabe. Na bado, maana maswali yalipokwisha profesa alisimama, sauti inamtetemeka kwa furaha, akatangaza kwamba kati ya vijiji vyote vinavyoshirikiana na chuo, Ngrandu imeongoza, na kwa hiyo chuo kinatuletea mashine ya pili. Kubwa zaidi. Itakaa ubavuni mwa ya kwanza. Pak Dukuh akapiga makofi na sura ya mtu anayeumwa jino. Wote tukapiga makofi. Wening alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alinitazama, akaweka birika chini, akaondoka, na mimi nikaendelea kupiga makofi kama mwehu.

Chakula cha mchana cha wageni kilikuwa zamu yangu. Njia nzima kutoka ukumbini nilikuwa nawaza. Nyumba yangu, kama nyumba yoyote ya kwetu yenye shughuli, siku ile ilikuwa na watu wa mbele na watu wa nyuma. Mbele ni wageni, wamekaa mkekani, wamevaa vizuri, kila kitu kwao ni kizuri na kila kitu kwetu ni kizuri. Nyuma ni jikoni, na anayeingia kwa mlango wa nyuma anapewa kisu kabla hajapewa salamu. Huyo si mgeni. Huko nyuma ndiko unakoambiwa mumeo anaonekana wapi. Huyu profesa, nikajiambia, shida yake ni mlango anaoingilia.

Alipofika akaomba mahali pa kunawa. Kwa kawaida angeletewa bakuli na maji pale alipo. Nikamwambia bomba la mbele limekauka, samahani sana, apite huku. Bomba la mbele lilikuwa linatiririka, walisikia wote. Nikamzungusha nyumba, nikamwingiza kwa mlango wa nyuma, nikamkonyeza Yu Jumirah.

Yu Jumirah hahitaji kukonyezwa mara mbili. Alikuwa anakuna nazi. Akainuka, akampa profesa nazi mkono mmoja na ubao wa kukunia mkono wa pili.

“Nishikie kidogo, Pak,” akasema, akatokomea uani.

Mtu angeweza kukataa. Mzungu angekataa. Lakini profesa ni Mjava kama sisi, na adabu ile iliyonifanya niseme tano ndiyo iliyomfanya ashike nazi ya watu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, amkabidhi nani. Kila mwanamke akawa ghafla ana kazi nyingi. Nikamsogezea kigoda. Akakaa. Ukiwa umekaa kigodani na nazi mkononi na bakuli mbele yako, utafanya nini? Akaanza kukuna.

Alikuna vibaya, jamani. Yu Jumirah aliporudi alimsimamia kichwani, akamwambia achunge vidole, mchuzi tayari una nyama ya kutosha. Jiko likacheka, profesa naye akacheka, na hapo nikajua amekwisha kuingia. Hakuna aliyemwita mheshimiwa tena. Mtu mmoja akampitishia nazi nyingine bila kumwangalia.

Tukarudi kwenye umbea wetu. Hatukumwambia yeye chochote. Tulikuwa tunazungumza wenyewe kwa wenyewe, yeye yupo tu. Yu Jumirah akaniuliza kama kuku wangu wametaga leo. Nikasema watatagia wapi, wamefukuzwa tangu alfajiri kwa ajili ya wageni. Akasema maskini, na ile trei ya chini walivyoizoea. Mwingine akasema mwaka huu jenereta ya Giyono imetoa moshi mpaka gamelani ikakohoa. Mwingine akalalamika mgongo unamuuma kwa kuteremsha mihogo kwenye paa, na kesho apande tena kuirudisha juani, kwani lazima kila mwaka ipelekwe kutembea? Yu Jumirah akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, hiyo mashine ya pili itaingia kuku wangapi.

Mkono wa profesa ulikuwa unapunguza mwendo. Mwishowe ukasimama.

“Yale mayai ya pilipili,” akasema, “ninayopewa hapa kila mwaka.”

“Ya mashine, Pak,” akajibu Yu Jumirah. “Mabichi kabisa. Kukausha ndiko kulikoishinda.”

Hakuna aliyecheka. Profesa alivua miwani, ikabaki inaning'inia na kamba yake, na uso wake bila miwani ulikuwa wa mtu mzima aliyechoka. Nilimhurumia, sitaki kuficha. Ile mashine aliipenda kama mtoto wake, na sisi tulikuwa tumemwambia mtoto wake anafaulu darasani kumbe hata shule haendi.

“Mmenipa tano,” akasema. “Miaka yote. Leo asubuhi, Bu Saginem, nimekuuliza uso kwa uso.”

“Asubuhi ulikuwa mgeni, Pak.”

“Na sasa?”

“Sasa una nazi mkononi.”

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya baada ya hapo, mengine makali. Yakanipotea yote. Nikamwambia tu kwamba mwanangu anaolewa, siku ni hiyo moja, na nautaka ukumbi. Nikaona aibu kwa sababu sauti yangu ilipasuka mbele ya jiko zima, mimi ambaye jiko zima linaniogopa. Profesa aliokota nazi yake akaimaliza, akapangusa mikono, akarudi mbele kwa wenzake. Wali alikula kidogo. Mayai hakugusa.

Waliondoka bila neno. Pak Dukuh aliposikia nilichofanya alinijia juu, akasema nimekivua nguo kitongoji mbele ya wasomi, sasa chuo kitatukasirikia na mashine itabaki kutukomoa. Wakwe walikuja na ndizi zao na nguo zao, posa ikapita vizuri, wakauliza ukumbi uko wapi waupime kwa viti. Nikawapeleka njia ndefu ya kuzunguka bonde mpaka kiza kikaingia, wakasema basi, wataupima siku nyingine. Wening akawa hasemi nami ila kwa mambo ya lazima. Kila lori lililopanda mlima nilitoka nje kulitazama, nikiogopa limebeba mashine ya pili.

Lori likaja kweli. Lilikuwa tupu. Profesa aliteremka kiti cha mbele, hana batiki, kavaa fulana, na spana mkononi. Bolti alizifungua yeye mwenyewe, hakutaka mtu amguse mtoto wake. Vijana wakasaidia kuibeba. Kuku wangu walilifuata lile lori mpaka kona ya chini wakilia, na mmoja alikuwa bado ndani, ikabidi lisimamishwe. Jioni hiyohiyo wavu wa badminton ulikuwa umefungwa. Wening alinikumbatia jikoni kwa nyuma, ghafla, nusura nimwage mafuta ya moto.

Tulikuja kusikia kwamba kwenye ripoti ya chuo Ngrandu tumeporomoka kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kabisa. Pak Dukuh hakutoka nje siku nzima kwa fedheha. Mimi nililala usingizi mnono.

Kuamkia harusi jiko lilikuwa moto asubuhi na mapema. Nilikuwa kwenye karai langu nakaanga peyek, maana harusi nzima ya ukoo wa Wonosari ilikuwa ipewe peyek zangu, kila mgeni na mfuko wake, na picha ya kile cheti nilikuwa nimeiomba ichapishwe kwenye mifuko. Mlango wa nyuma ukasukumwa. Profesa Wiratmoko. Kwapani ana ubao wa kukunia nazi, mpya, wake mwenyewe, bado una karatasi ya dukani.

Jiko zima lilishangilia. Yu Jumirah akamwambia amechelewa, nazi zinamngoja tangu alfajiri. Akaketi kwenye kigoda kilekile akaanza kazi, na nawaambieni, alikuwa amefanya mazoezi. Nilifurahi sana moyoni. Nikachagua peyek iliyonyooka vizuri, ya moto, yenye karanga nyingi, nikampelekea kwa mkono wangu.

Akaishika. Akaitazama. Hakuila.

“Yu Saginem,” akasema. Alikuwa hajawahi kuniita Yu, yaani dada, tunavyoitana jikoni, siku zote Bu. “Leo mimi si mgeni, au siyo?”

“Mgeni gani na nazi hiyo,” nikasema.

“Basi naomba nisile.” Akainama kidogo, vile anavyoinama. “Ni ngumu, Yu. Nilivunja jino la nyuma mwaka ule wa cheti. Ofisini kwetu mifuko yako ipo yote, hakuna anayethubutu kuila na hakuna anayethubutu kuitupa.”

Nikacheka. Nilidhani ananitania, analipa kisasi cha mashine, ni haki yake. Nikageuka ili jiko licheke nami. Kila mwanamke alikuwa anakitazama kitunguu chake. Wening, mwanangu wa kumzaa, mikono imepakwa hina tayari na hana kazi yoyote ya kufanya, alikuwa anakitazama kitunguu cha mwenzake.

Damu ikanipanda usoni. Nilisimama pale na kijiko changu cha kukaangia kinachuruzika mafuta sakafuni, nikawaangalia mmoja mmoja, wanawake niliokata nao vitunguu maisha yangu yote.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu mwanzo, Yu,” akasema Yu Jumirah, bila kuinua macho. “Unazidisha unga wa muhogo.”

Nikamwonyesha profesa masufuria. Yote, hata yale ya nje yaliyoungua chini, hata ya jirani. Aliyaosha bila kunung'unika, mikono ya shati ameikunja. Kisha nikamwaga donge lote la unga nililolikanda, nikavuta bakuli safi, nikauliza haya, semeni. Walisema. Yu Jumirah alitaka tui zaidi, mwingine akataka unga uwe mwepesi kama uji, mwingine alikuwa na maoni kuhusu karanga ambayo inaonekana alikuwa ameyatunza tangu ujana wake, na profesa kutoka kwenye masufuria akapaza sauti kwamba mafuta yangu hayana moto wa kutosha. Nikamwambia yeye anyamaze, mambo ya kukausha vitu hayawezi.

Ya kwanza ilipotoka nilimpa Wening aionje. Ilivunjika mdomoni mwake kabla hajaibana. Akaniangalia, akachukua ya pili bila kuomba, na mimi nikamtuma mtu sebuleni akalete ile fremu ya cheti, nipate kitu bapa cha kuzianikia peyek zipoe.